Injini ya jeti ikichakaa: yasemwayo na yaliyo kweli

“Injini kuukuu haina nguvu kama mpya.”
Kosa hili linaeleweka, maana gari lililochoka hushindwa na mlima. Jeti haiko hivyo. Wakati wa kupaa, kompyuta huipa injini mafuta mpaka ifikie msukumo uliopangwa. Iliyochakaa huufikia pia, ila kwa kuchoma mafuta mengi zaidi na kwa joto kubwa zaidi. Kwa hiyo mafundi hufuatilia joto la gesi inayotoka nyuma ya turbini, yaani magurudumu yanayozungushwa na gesi ya moto: limebakiza nyuzi ngapi kugusa kikomo cha mtengenezaji? Nyuzi hizo ndizo akiba ya injini, na zikiisha, injini hushushwa bawani ingawa abiria hajahisi lolote. Siku ya jua kali akiba huwa ndogo zaidi, hivyo injini ileile iliyopaa vizuri alfajiri yenye baridi inaweza kukaribia kikomo mchana.

“Huchakaa kwa kasi ileile tangu mwanzo hadi mwisho.”
La. Hupoteza akiba yake haraka zaidi ikiwa bado mpya, jambo linalowashangaza wengi. Ncha za mapanga, yaani vile vipande bapa vinavyozunguka ndani ya injini, huzunguka karibu mno na gamba linalozifunika. Ndege ikipaa, injini hupindika kidogo sana, ncha zikakwangua gamba na mwanya ukapanuka. Hewa inayovujia hapo haifanyi kazi yoyote. Mikwaruzo ya mwanzo ikishapita, akiba hupungua polepole, na anayetafuna ni vumbi na mchanga: hula kingo za mapanga ya kompresa, sehemu ya mbele inayokandamiza hewa, na vumbi laini huweza kuyeyuka kwenye sehemu ya moto, likaganda kama kioo na kuziba vitundu vya kupoozea.

“Umri wa injini ni saa ilizoruka.”
Saa ni nusu ya habari. Saa 10,000 za safari za saa 10 ni kupaa mara 1,000; za safari za saa moja ni mara 10,000, na kupaa ndiko kunakoumiza. Ndiyo sababu marubani hupunguza msukumo wa kupaa pale njia ya kurukia inaporuhusu.

“Kuosha injini ni urembo tu.”
Maji hupulizwa ndani huku stata, mota ya kuanzishia injini, ikiizungusha bila kuiwasha. Uchafu ukitoka kwenye kompresa, nyuzi kadhaa za akiba hurudi. Ukingo uliolika haurudi. Huo husubiri karakana.