Ukija Kuangalia Kipindi cha Insha, Mtazame Mwanafunzi

Walimu wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mazoezi ya kufundisha huwa wameshasomea chuoni namna ya kufundisha insha darasani. Kinachowashinda wengi ni kukaa meza moja na mwanafunzi mmoja, insha yake ikiwa katikati yao, na kumsaidia aiandike vizuri zaidi. Kabla sijawakabidhi mwanafunzi, huwaketisha kando na daftari, waangalie vipindi vyangu.

Karibu wote huanza kwa kuniangalia mimi. Wananakili maswali yangu ili wakayatumie kwingine. Lakini kila swali limezaliwa na kitu alichokifanya mwanafunzi muda mfupi uliopita, na ukilibeba peke yake halina kazi.

Chukua insha ya methali. Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, mtahiniwa huandika insha mbili, kila moja alama 20, maneno yasiyopungua 400. Ya methali hutaka kisa kinachodhihirisha sehemu zote mbili za methali. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu analeta "Mchumia juani hulia kivulini". Kurasa mbili nzima ni za juani: kijana anauza maji sokoni Kongowea, analala njaa, anasoma kwa mwanga wa koroboi. Kivuli kimepata sentensi moja: "Hatimaye alifaulu akaishi raha mustarehe." Kwa kawaida insha iliyoshughulikia upande mmoja hairuhusiwi kuvuka nusu ya alama, hata lugha yake iwe tamu namna gani.

Namwomba aisome kwa sauti. Hapo ndipo ninapotaka mwangalizi atege masikio. Kwenye karatasi pameandikwa "viatu zake", lakini mdomo umesema "viatu vyake", na mwenyewe hakugutuka. Aliyeangalia karatasi tu ataandika daftarini "upatanisho wa kisarufi ni dhaifu" na kupanga somo la ngeli. Aliyesikiliza ameshajua kwamba kijana huyu ana ngeli kichwani. Anachokosa ni mazoea ya kuipitia kazi yake polepole kabla ya kuitoa. Hayo ni mahitaji mawili tofauti kabisa, na somo la ngeli lingempotezea wakati.

Kisha anafika kwenye ile sentensi ya raha mustarehe. Sauti inakimbia, macho yananyanyuka kuona kama nimeridhika. Mbio zile zinanieleza kwamba hajakiona kivuli chenyewe bado. Namuuliza, "Siku hiyo ya raha, aliamkia wapi?" Ananyamaza. Mwalimu mgeni hapa hushindwa kuvumilia, akadakia na mfano wake mwenyewe. Ngoja tu. Mwanafunzi anasema taratibu kwamba aliamkia nyumba aliyomjengea mamake, na uani kuna mfereji wa maji ya bomba. Kijana aliyeuza maji sasa ana mfereji uani! Mimi nisingekibuni kitu kama hicho, na hakuna mwongozo wa kusahihisha ambao ungempa. Namwambia aandike papo hapo, kabla hakijampotea.

Namwambia yeye aandike. Kalamu ni jambo ambalo waangalizi wangu lazima walinukuu: kila inapohama kutoka mkono wa mwanafunzi kwenda wa mwalimu, tia alama. Mwaka 1984 Mmarekani Stephen North aliandika makala kuhusu vituo vya uandishi vya vyuo vikuu, ambako wanafunzi huenda kusaidiwa maandishi yao, akisisitiza kwamba kazi ya vituo hivyo ni kumkuza mwandishi, si kuikarabati karatasi. Nakubaliana naye. Ila katika vituo vingi vya huko msaidizi ni mwanafunzi mwenzake. Hapa kwetu ni Mwalimu, na adabu tuliyolelewa nayo ina uzito wake. Nikishika kalamu, mikono ya mwanafunzi inashuka chini ya meza, na kila nitakalosema atajibu "Ndiyo, Mwalimu". Jibu hilo lihesabiwe kuwa heshima. Lisihesabiwe kuwa ameelewa.

Sisemi kila kitu kiulizwe. Asiyejua kwamba barua rasmi ina anwani mbili na kichwa kinachoanza na KUH (yaani "kuhusu"), mwambie waziwazi, muendelee. Kumsaili mtu juu ya jambo ambalo hajawahi kufundishwa ni kumtesa.

Kipindi kikiisha, namtaka mwangalizi anisimulie alichofanya mwanafunzi, hatua kwa hatua, bila maoni. Wapi alisita, wapi alirudia, wapi alicheka, nini aliandika kwa hiari yake. Akiweza hilo vipindi kadhaa, namwachia aya moja ya kushughulikia na mwanafunzi, nami nipo karibu.

Aya hiyo huwa ya katikati, kamwe si utangulizi. Wanafunzi wetu wengi wamekariri mianzo: jua limechomoza, ndege wanaimba, umande umetanda nyasini. Huisoma bila kukwama na kwa madaha, na mwalimu mgeni hudhani amekutana na mwandishi aliyekomaa. Ufasaha ule ni wa kuazima, haukuonyeshi mtoto anavyofikiri. Kwenye aya ya tatu au ya nne, akiba ya kukariri ikiwa imekwisha, ndipo anapoanza kutafuta maneno yake mwenyewe, na kwa msaidizi anayeanza hapo ndipo penye kazi.