Akiki iliyotiwa rangi si akiki bandia

Mtu akiona kipande cha jiwe la akiki chenye rangi ya waridi kali au buluu ya wino, neno la kwanza kumtoka ni "bandia". Nimelisikia mno, hata kwa watu wanaopenda mawe kwa dhati, na kila mara linaniuma.

Akiki ni silika, madini yaliyojaa katika mchanga wa kawaida, iliyojijenga tabaka juu ya tabaka ndani ya uwazi wa mwamba. Rangi zake za asili aghalabu ni za upole: kijivu, nyeupe, kahawia, manjano, nyekundu ya kutu. Inayotiwa rangi ni jiwe hilohilo.

Sasa tulitazame neno. Bandia ni mwanasesere, yule mtoto wa matambara anayebebwa mahali pa mtoto wa kweli. Ndiyo maana tunasema meno ya bandia na nywele za bandia: kitu kimesimama badala ya kingine. Lakini nywele zako ukizipaka rangi haziwi za bandia. Ni zako, zimebadilika rangi tu. Kioo kilichochorwa mistari kikauzwa kama akiki, hicho ndicho bandia.

Rangi huingia kwa sababu akiki ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Tabaka zilizoshikamana sana huikataa, na hizo hubaki nyeupe katikati ya buluu. Mafundi wa Idar-Oberstein, Ujerumani, waliikuza kazi hii katika karne ya 19. Ili kupata nyeusi, jiwe hulowekwa katika maji ya sukari, kisha katika asidi ya salfa, na sukari hugeuka kaboni humohumo ndani. Nyekundu hutokana na chumvi za chuma zikifuatiwa na moto. Chuma hichohicho ndicho kinachoipa akiki wekundu wake ardhini, basi hapo hata mpaka kati ya rangi ya asili na ya fundi unakuwa mwembamba.

Kuitambua akiki iliyotiwa rangi, angalia nyufa: rangi ya kutiwa hupenda kukusanyika humo. Waridi na zambarau za kupiga kelele zitilie shaka, na nyingi kati ya hizo hufifia zikikaa juani. Wengine husugua jiwe kwa pamba yenye asetoni, kimiminika kinachotumika kuondoa rangi ya kucha. Pamba ikichukua rangi, jibu umepata. Isipochukua, usishangilie bado, maana rangi zilizotokana na chumvi za metali hazitoki kwa kusuguliwa.

Kwa hiyo tuseme "akiki iliyotiwa rangi". Na muuzaji akikuambia "hii ni akiki ya asili", huenda hadanganyi hata kidogo. Muulize tu kwa upole: ya asili ni jiwe, au na rangi pia?