Phidippus: ukimfuata kwa rangi utapotea

Ukinionyesha picha ya buibui mweusi mwenye mgongo mwekundu kutoka magharibi mwa Marekani, ukaniuliza ni spishi gani, sitaanza na huo wekundu. Nitakuuliza alipatikana wapi, ni dume au jike, na kama amekomaa. Akiwepo mezani ndiyo vizuri zaidi: nitamgeuza tumbo juu na kumweka chini ya hadubini. Mgongo tutautazama baadaye, kwa raha zetu.

Buibui ninaowazungumzia ni wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Phidippus. Jina hilo alilitoa Mjerumani Carl Ludwig Koch mwaka 1846, na leo jenasi hii ina spishi zaidi ya 60, karibu zote za Amerika ya Kaskazini, kuanzia Kanada kushuka hadi Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Ni tawi dogo tu la Salticidae, familia ya buibui warukaji, ambayo ina spishi zaidi ya 6,000 na hakuna familia nyingine ya buibui inayoifikia kwa wingi. Ila kwa umbo, Phidippus ni vibonge. Yule buibui mdogo anayerukaruka ukutani pale Tanga au Mombasa, anayegeuka kukutazama kana kwamba umemwita, huenda ni Hasarius adansoni, ambaye hata akikomaa ni milimita 8 hivi. Jike wa Phidippus regius hufika milimita 22. Ana manyoya, ana kifua kipana, na mara nyingi ukimsogelea hakimbii. Anabaki palepale anakukagua.

Tuanze na huyo regius, maana ndiye anayewachanganya watu kuliko wote. Kwao ni kusini-mashariki mwa Marekani, hasa Florida, na pia Kuba na Bahama. Madume ni weusi wenye alama nyeupe, basi. Kazi iko kwa majike: huyu kijivu, yule kahawia, mwingine rangi ya chungwa lililoiva, na wote unaweza kuwaokota eneo moja. Anayeanza kazi hii hupanga vichupa vitatu na kubandika majina matatu, kumbe ni spishi moja. Wafugaji wanalijua hilo na wanalifanyia biashara. Regius sasa ni buibui wa kufugwa Ulaya na Marekani, na jike wa rangi ya chungwa ndiye anayegombewa. Mimi sioni ubaya wa kumfuga, ila nachoka na matangazo yanayouza rangi ya jike kana kwamba ni aina mpya ya mnyama.

Phidippus audax, jamaa yake anayeonekana sehemu kubwa ya Marekani, ana vituko vyake. Akiwa mdogo, madoa ya juu ya tumbo lake mara nyingi huwa ya rangi ya chungwa, na kadiri anavyojivua gamba na kukua, yanageuka meupe. Mweke mtoto karibu na mama yake na watu wataapa kwamba hawa hawana undugu.

Halafu kuna kinyume chake, spishi mbalimbali zilizovaa sare moja. Phidippus johnsoni wa magharibi: dume ana tumbo jekundu lote juu, jike ana mstari mweusi katikati ya wekundu huo. Phidippus cardinalis amepakwa wekundu kuanzia kichwani hadi nyuma. Phidippus apacheanus naye vilevile, anaelekea kidogo kwenye chungwa. Phidippus whitmani, dume lake nalo jekundu juu. Ukiwapiga picha hawa kwa simu, juani, nakuhakikishia hata mimi utaniweka pagumu.

Kwa nini wote wawe wekundu? Maelezo yanayokubalika zaidi, hasa kwa cardinalis na apacheanus, ni kwamba wanaiga nyigu wa familia ya Mutillidae. Majike wa nyigu hao hawana mabawa. Hutembea chini wakiwa na manyoya mekundu na meusi, na mwiba wao una maumivu makali mno. Kusini mwa Marekani yupo mmoja wanayemwita "muua ng'ombe", ingawa ng'ombe hafi. Ndege au mjusi aliyewahi kuchomwa naye hataki tena kugusa kitu chekundu chenye manyoya kinachotembea harakaharaka ardhini. Buibui anayefanana na nyigu huyo, hata kwa mbali, anapita salama. Ndiyo maana wekundu huu haukupi ukoo wake. Unakuambia anamwogopa nani.

Wekundu wenyewe, ukiuangalia kwa karibu, hauko kwenye gamba. Gamba chini ni jeusi au kahawia nzito. Rangi iko kwenye vinyweleo vilivyolala kimoja juu ya kingine, kama makuti kwenye paa, na vinapukutika. Buibui mzee aliyekwaruzana na magome ya miti msimu mzima huwa na upara katikati ya mgongo, na pale penye upara ni peusi tu. Ukimtia kwenye spiriti, rangi nayo inaanza kuchuja. Wataalamu wa zamani waliopokea vielelezo vilivyokaa kwenye chupa miaka mingi walikuwa wakieleza rangi ambayo mnyama akiwa hai hakuwa nayo.

Taya ni jambo jingine kabisa. Regius na audax wana taya nene mbele ya uso, zinazometameta kijani, bluu au zambarau. Pale hakuna rangi ya kupaka. Ni tabaka nyembamba za gamba zinazochezea mwanga, na ukisogeza taa kidogo kijani inageuka bluu machoni pako. Sijachoka kuangalia hilo, na nimeliangalia mara nyingi kuliko kazi yangu inavyodai.

Aliyeipanga jenasi hii ikapangika ni G. B. Edwards wa Florida, katika marejeo yake makubwa ya mwaka 2004. Kama kawaida ya fani yetu, kigezo kikuu ni viungo vya uzazi. Dume hubeba mbegu kwenye vipapasi, vile viungo vifupi viwili vilivyo kando ya mdomo, na ncha ya kipapasi ina umbo lake kwa kila spishi. Jike ana kibamba kigumu chini ya tumbo, chenye matundu na mikunjo yake. Ni sehemu ndogo, haina mvuto kwenye picha, na ndiyo inayotenganisha wale wekundu wanne niliowataja. Rangi nayo ina nafasi yake, hasa kwa madume na hasa usoni, lakini inaingia baada ya hapo.

Nasema hasa usoni kwa sababu dume akimchumbia jike husimama akimkabili. Macho ya buibui hawa ni manane, na yale mawili makubwa ya mbele ni mirija mirefu yenye retina, utando wa kupokea mwanga, ya tabaka nne. Lenzi iliyo mbele haisogei. Mwisho wa mrija wenye retina ndio unaosogezwa kwa misuli, ndani. Ukimtazama regius ana kwa ana utaona jicho likiwa jeusi tititi, kisha likipauka kuwa kahawia bila kichwa kutikisika: amehamisha macho, anaangalia kitu kingine. Mbele ya macho ya namna hiyo, dume huinua miguu ya mbele, hutikisa vipapasi na kwenda huku na huku kwa hatua za kupimia. Mume na mke walimu wa Milwaukee, George na Elizabeth Peckham, ndio waliompa johnsoni jina la kisayansi mwaka 1883. Mwaka 1889 walichapisha uchunguzi wao juu ya ngoma hizi za buibui warukaji, wakimuunga mkono Darwin kwamba majike huchagua, dhidi ya mwanaasili mwenzake Alfred Russel Wallace, aliyeona urembo wa madume ni nguvu iliyozidi tu.

Lakini ngoma si yote. Robert Jackson, aliyemsoma johnsoni kule California miaka ya 1970, alionyesha kwamba dume mmoja ana mbinu tatu. Akimkuta jike aliyekomaa nje ya kiota kwenye mwanga, anacheza. Akimkuta ndani ya kiota chake cha hariri, gizani, ngoma haina maana, kwa hiyo anavuta na kutingisha nyuzi za kiota ili jike amsikie. Na akimkuta jike ambaye bado hajakomaa, anajishonea chumba pembeni ya kiota na kusubiri mpaka ajivue gamba la mwisho. Dume lilelile, na katika mbinu mbili kati ya hizo tatu mgongo mwekundu haufanyi kazi yoyote. Ndiyo maana mtu akiniambia anajua utofauti wa Phidippus kwa kuwa ana albamu ya picha nzuri, natabasamu.

Kwa chakula hawana makuu: nzi, panzi, viwavi, buibui wenzao. Ila regius amevuka mpaka. Mwaka 2017 Martin Nyffeler, Edwards na mwenzao walikusanya ushahidi kutoka Florida wa regius kuwakamata vyura wadogo wa mitini na mijusi wadogo wa jenasi ya Anolis. Huku kwetu mjusi ndiye tunayemtarajia amle buibui.

Jackson baadaye alihamia kwa warukaji wengine, na kazi yake ikamfikisha Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya. Mwaka 2003 yeye na Wanda Wesołowska walimpa jina Evarcha culicivora, mrukaji mdogo wa eneo la ziwa hilo nchini Kenya na Uganda. Kwa ukubwa, regius angemfanya kitafunwa. Uso wake ni mwekundu, wa dume na wa jike pia. Kitoweo anachokipenda ni mbu jike aliyekwisha kunywa damu, na akipewa nafasi ya kuchagua humchagua Anopheles, mwenezaji wa malaria. Damu anaipata hivyo, kupitia tumbo la mbu, maana mdomo wake hauwezi kumtoboa mtu. Mbu huyo anamtambua kwa macho hata akiwa ametulia tuli, na anaweza kumnusa pia. Maabara walipojaribu kama anavutwa na harufu ya binadamu, mahali wanapopatikana mbu walioshiba, chambo walichotumia ni soksi zilizokwisha kuvaliwa. Buibui walizipendelea kuliko soksi safi.