Govi la mtoto lisilofunguka si ugonjwa

Hapa Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Likoni, watoto wengi wa kiume hutahiriwa kwa sababu ya dini au mila, na hilo halihitaji cheti cha daktari. Linaloniuma ni lile neno analoambiwa mama akimwogesha mwanawe kwenye beseni: "Ngozi hairudi nyuma, huyu mgonjwa, akatwe haraka." Mwingine huivuta kwa nguvu, mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

Karibu watoto wote wa kiume huzaliwa govi likiwa limeshikana na kichwa cha uume. Huachana lenyewe polepole, kwa miaka, na kwa wengine mpaka wabaleghe. Ukilivuta kwa nguvu ngozi huchanika, kidonda huacha kovu, na kovu hilo ndilo linaloweza kulibana kweli. Mwoshe nje kwa maji, basi.

Daktari hushauri tohara kwa ajili ya tiba pale govi lina kovu jeupe, gumu, au linapovimba na kuambukizwa mara kwa mara. Likiwa limebana tu bila kovu, mara nyingi huanza na mafuta ya kupaka yenye steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe).

Habari ya VVU ni nyingine: majaribio ya Kisumu, Rakai nchini Uganda na Afrika Kusini yalionyesha tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Kondomu bado inahitajika.

Govi likivutwa likakwama nyuma na kuvimba, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali wakati huo huo.