Aidia haziko kwenye simu tu: tunayoaminishwa kuhusu mishono, mapambo ya nyumba na kazi za mikono

Kuna vitu tunaambizana sana hapa Dar kuhusu kuvaa, kupamba nyumba na kazi za mikono, na vingi havina ukweli, alafu vinamfanya mtu akae anasubiri hela au kipaji kumbe aidia anapishana nazo kila siku akiwa kwenye daladala. Nataka niviseme, na vingine nitavichambua kwa kirefu kwa sababu vinaumiza watu mfukoni.

Kubwa kuliko zote ni hii: "Aidia nzuri ziko Pinterest na Instagram, sisi huku tunaiga tu." Hapana jamani. Edward Saidi Tingatinga, yule mchoraji ambaye picha za tingatinga zimebeba jina lake, alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, akaja Dar kutafuta maisha, akafanya vibarua, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwa vitu vilivyokuwa karibu yake, yaani vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ile ya kupaka baiskeli. Hakuna chuo cha sanaa alichopita. Alifariki 1972, kwahiyo alichora miaka michache tu, lakini ndugu na jamaa aliowafundisha wakaendeleza na mpaka leo ukienda Oysterbay unakuta watu wameinama wanachora vilevile, na ule mng'ao unaoupenda kwenye hizo picha unatokana na aina ya rangi. Ndio maana hata ile dhana nyingine, kwamba ubunifu ni kipaji cha kuzaliwa nacho, naipita haraka: wale walijifunza kwa kukaa pembeni ya anayejua na kushika brashi.

Na kuchukua aidia ya mwingine sio kosa. Watu wanasema kitenge ni chetu tangu enzi na enzi, kumbe ile mbinu ya kuzuia rangi kwa nta ilitoka kwenye batiki za Java huko Indonesia, Waholanzi wakaiingiza kiwandani (Vlisco ya Uholanzi ipo tangu 1846), soko likaja kushika Afrika na sisi tukakifanya chetu kwa namna tunavyokishona. Cha muhimu ni kwamba kitambaa ndio kilitangulia. Siku hizi tunaanza na picha alafu tunakilazimisha kitambaa kiifuate, na hapo ndipo ugomvi na mafundi cherehani unapoanzia.

"Fundi mzuri anatoa mshono wowote, wewe muonyeshe picha tu." Hii inaharibu vitambaa vya watu kila msimu wa harusi. Gauni la kwenye picha mara nyingi limeshonwa kwa krepu au kitambaa chenye spandeksi kinachovutika, wewe unampelekea kitenge ambacho ni pamba iliyofumwa na hakivutiki, unataka libane vilevile kiunoni na mapajani, fundi akikubana hivyo ukikaa kwenye kiti mshono wa nyuma karibu na zipu unaachia, akikuachia nafasi ya kupumua unasema kakushonea gunia. Fundi wala hana kosa hapo. Kitambaa kina tabia yake na huwezi kuibadilisha kwa cherehani. Shifoni inamwagika, satini inateleza, kitenge kinasimama, na kwasababu kinasimama ndio maana mikono ya puto, marinda makubwa na sketi pana vinapendeza sana kwenye kitenge kuliko kwenye shifoni. Kwahiyo ukiwa dukani Kariakoo shika ncha ya kitambaa, kivute kwa urefu, kivute mshazari, alafu kiachie kining'inie uone kinaanguka au kinakaa wima, baada ya hapo ndio utafute picha ya mshono unaoendana nacho. Angalia na dizaini pia, kama ndege wote wanaangalia upande mmoja au maua ni makubwa fundi hawezi kugeuza vipande ovyo, kwahiyo pisi ya yadi 6, kama mita 5 na nusu, inaweza kuisha kwenye gauni refu moja na kilemba ukakosa. Na kabla ya kupeleka kwa fundi loweka, ukaushe, upige pasi. Pamba inasinyaa ikifuliwa mara ya kwanza, bora isinyae ikiwa bado kitambaa kuliko isinyae ikiwa gauni.

Sasa kanga. "Kanga ni ya jikoni na ya kujifungia ukitoka kuoga." Inaniuma hii kwa sababu kanga tayari imeshachorwa na mtu aliyefikiria: kuna pindo linalozunguka, kuna mji katikati, kuna jina chini, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Ni ramani ya kukatia kabisa. Ukitaka mito ya makochi, ua la kati la mji liwe uso wa mto na pindo lizungushie pembeni, jina likate zima zima ushonee kwenye kitambaa cha meza au juu ya pazia lisomeke. Usikate tu kama unakata shuka, utakuta mto mmoja una nusu ya methali na mwingine una robo ya ua. Kanga ni nyepesi kwahiyo weka bitana, hata ya shuka la zamani, la sivyo sponji inaonekana na kitambaa kinachoka mapema. Na wanawake wa pwani walishaanza kukata na kuunga zamani sana, inasimuliwa kwamba kanga yenyewe ilianzia kwenye leso za kichwani zilizounganishwa sita sita miaka ya 1800 mwishoni.

Alafu mtu atakwambia "iloweke kwenye chumvi haitachuja." Chumvi ina kazi wakati wa kutia rangi, baadhi ya rangi za pamba zinaingia vizuri kitambaani kukiwa na chumvi kwenye maji. Kanga ikishachapwa kiwandani na rangi ikawa haijashika, chumvi yako ya jikoni haiwezi kuishikisha. Kinachochuja mwanzoni ni rangi iliyozidi, kwahiyo ifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, usiiache imelowekwa, na uanike kivulini kwa sababu jua la Dar linapausha.

"Mkeka ni wa msibani." Mkeka ni wa popote unapoutaka. Ule wa miwaa au ukindu unaanza kama shupatu refu lililosukwa kwa mkono, ndio linashonwa kuzunguka au kwa mistari, na rangi zinaingia kwenye kusuka, ukiuning'iniza juu ya kitanda unapata pambo ambalo hakuna duka la mapambo litakuuzia kwa bei hiyo. Angalizo moja tu, ukuta ukiwa na unyevu mkeka utaota ukungu, utoe nje upigwe upepo.

"Fenicha za mapaleti ni mbao za bure, salama tu." Mji wetu una bandari kwahiyo mapaleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo, yamejaa, na yanatoa meza nzuri sana, lakini soma muhuri kwanza. Paleti za safari za nje zina alama ya suke la ngano na herufi: HT maana yake mbao ilipashwa moto mpaka nyuzi 56 ndani kabisa kwa dakika 30 kuua wadudu, MB maana yake ilipigwa gesi ya methili bromidi ambayo ni sumu. Ya MB achana nayo, usiifanye kitanda cha mtoto wala meza ya chakula. Hata ya HT ikiwa na madoa ya mafuta au harufu ya kemikali iache, muhuri unasema ilivyotibiwa, hausemi ilibeba nini.

"Kinyago cheusi ni mpingo." Kiwi ya viatu inaweza kufanya mti wowote uwe mweusi. Ukiwa kwa wachongaji wa Mwenge kishike mkononi, mpingo ni mzito mpaka unazama kwenye maji, na mara nyingi mchongaji anaacha sehemu ya mbao ya nje, chini ya gome, ambayo ni ya rangi ya maziwa. Pangusa na kitambaa cheupe chenye unyevu uone kinatoka na nini. Mti mwingine sio mbaya, ila ulipie bei yake.

Mwisho "mtumba ni wa asiye na hela." Nenda soko la mtumba la Ilala uone mapazia ya kitani na pamba nzito ambayo madukani huyapati. Pima dirisha kabla hujatoka nyumbani, upana wa pazia uwe karibu mara mbili ya dirisha ndio linakunjika vizuri, na ukifika lifungue lote ulinyanyue juu kwenye mwanga, maana palipoliwa na jua panaonekana hapohapo na panachanika kwenye fua ya kwanza.