Mambo tunayomsingizia bwana shamba

Kata yangu ya kwanza nikiwa afisa ugani, yaani bwana shamba, ilikuwa kwenye miteremko ya Uluguru, Morogoro. Wiki ya kwanza tu nilisimama kando ya shamba la maharage nikiangalia majani yaliyojaa madoa ya kutu. Mwenye shamba, mama mtu mzima wa umri wa mama yangu mzazi, aliponiona na daftari aliweka jembe chini, akaingia ndani na kukomea mlango. Nikapiga hodi. Akajibu akiwa ndani: "Mzee hayupo, na hela ya faini hatuna."

Sikuwa na faini yoyote. Nilitaka kumwuliza tu kama msimu uliopita alipanda maharage palepale. Mlango ule nimekutana nao tena mara nyingi tangu siku hiyo, Mkoa huu na mikoa mingine. (Mimi ni mwanamke. Vijijini wengine huniita bibi shamba, wengi bado bwana shamba. Nimeshazoea, nitatumia hilohilo.) Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi, kwa maneno yenyewe.

"Bwana shamba ni mtu wa faini"

Hofu hii haikuzuka hewani. Wakati wa mkoloni wakulima wa Uluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, na aliyesimamia kazi alikuwa mtu wa kilimo. Mwaka 1955 wakagoma, ghasia zikazuka, mpango ukafa. Ukiwauliza wazee leo watakwambia jambo ambalo wataalamu walichelewa kulikubali: udongo wenye rutuba kule ni tabaka jembamba, na matuta yale yaliufukia na kuleta juu udongo usiootesha kitu. Mkulima alikuwa sahihi, mtaalamu ndiye aliyekosea. Kisha baada ya uhuru zikaja sheria za kila kaya kulima ekari kadhaa za zao fulani, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya katikati ya miaka ya 1970. Mtu aliyekulia humo hawezi kuliona daftari akatabasamu.

Ukweli wa leo ni kwamba afisa ugani ni mshauri. Kama umepanda mahindi ya kubanana hakuna faini, utavuna vigunzi tu. Sheria zipo, kwa mfano ile inayokataza kulima ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na sheria ndogo za halmashauri kuhusu mifugo kuingia mashambani. Lakini ukivunja hizo, atakayekuita ofisini ni mtendaji.

"Ruzuku ya mbolea iko mikononi mwake"

Haiko. Tangu msimu wa 2022/23 mkulima anasajiliwa kijijini kwake, anapata namba, na ananunua kwa wakala kwa namba hiyo. Afisa ugani anaweza kukusaidia kujisajili, mbolea hana. Mbegu pia hana. Na ukikutana na anayekuuzia mbegu kutoka kwenye buti la gari lake, hata kama mnafahamiana, tafuta kwanza lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye mfuko. Mfuko usio na lebo mrudishie.

"Hajawahi kufika kwangu, kwa hiyo hayupo"

Hapa wakulima wana haki ya kulalamika, na sitawatetea wenzangu kwa kila kitu. Wapo wanaoonekana siku ya Nanenane tu, wamevaa fulana mpya. Lakini piga hesabu. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000, na mwaka 2021 maafisa ugani wa kilimo walikuwa hawajafika 7,000. Mwaka uliofuata, Aprili, Rais Samia aligawa pikipiki na vifaa vya kupima udongo pale Dodoma, na kwa kweli pikipiki ilibadilisha kazi yetu. Haikutuongeza idadi.

Kwa hiyo ukikaa barazani kumsubiri afisa apite, utasubiri sana. Anaitwa. Namba yake iko ofisi ya kata au ya kijiji. Mkimwita watu kumi wenye tatizo moja atafika haraka kuliko akiitwa na mmoja, maana safari ni ileile na mafuta ni yaleyale. Ukituma picha, tuma mbili: moja ya majani kwa karibu, la juu na la chini, nyingine ya shamba zima. Picha ya jani moja hainiambii kama ugonjwa umeshika shamba lote au uko upande mmoja karibu na mfereji.

Njia iliyonipa matokeo kuliko zote ni shamba darasa. Lilianzia Indonesia mwaka 1989, kwa wakulima wa mpunga waliokuwa wakipulizia dawa mpaka wanaua wadudu wanaowasaidia. Kwetu linaendeshwa hivi: kundi la watu ishirini na kitu linakuwa na vipande viwili vya shamba, kimoja cha mazoea ya kijiji, kingine cha majaribio, mahindi sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo. Kila wiki wanaingia kuhesabu wenyewe mimea iliyotobolewa na viwavijeshi vamizi, buibui na manyigu walio karibu, majani yaliyo na njano. Mimi nanyamaza, na hiyo ndiyo sehemu ngumu zaidi ya kazi yangu. Siku ya kuvuna mizani inaongea, na mara mojamoja kipande cha mazoea ya kijiji ndicho kinachoshinda. Nalo tunaliandika.

"Mbolea ya dukani inaua ardhi"

Ina ukweli nusu, na nusu ukweli ndiyo inayodumu. Mbolea za amonia, zikiwekwa mwaka baada ya mwaka bila samadi wala masalia ya mazao, huongeza tindikali kwenye udongo, na udongo wenye tindikali nyingi unabana fosforasi mmea usiipate. Mkulima anaongeza mfuko, mavuno hayapandi, anahitimisha kwamba ardhi imekufa. Pengine ilihitaji chokaa ya kilimo tu. Pengine haikuhitaji. Kwa kuiangalia kwa macho hakuna anayejua, mimi nikiwemo.

Pima. Kuchukua sampuli ndiko wengi wanakokosea, kipimo kikatoa majibu ya shamba lisilokuwepo. Tembea kwa zigizaga, chukua udongo sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20. Ruka kichuguu, ruka palipokuwa zizi, ruka mlipochoma majani, ruka ukingo wa njia. Changanya kwenye ndoo ya plastiki safi, ambayo haijawahi kubeba mbolea, anika kivulini, toa nusu kilo. Juu ya bonde na chini ya bonde ni sampuli mbili, usizichanganye. Halmashauri nyingi sasa zina kifaa, na maabara zipo chuo kikuu cha kilimo cha SUA, Morogoro, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga.

"Punje ikigonga jino, mahindi yamekauka"

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Punje inaweza kuwa ngumu kwenye jino na bado ina unyevu wa kutosha kuotesha kuvu. Katikati ya mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, wala kwa kukoboa peke yake, na mara nyingi haina harufu.

Kipimo cha nyumbani kipo, na kinagharimu kijiko kimoja cha chumvi. Tafuta chupa ya kioo, kavu kabisa. Anika chumvi juani mpaka iwe inamwagika kama mchanga. Jaza mahindi theluthi ya chupa, tia chumvi, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi ni mabichi, rudisha kwenye turubai. Ikidondoka yote chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Mimi huwa nasema ongezeni siku moja ya jua, maana ya kuhifadhi yanatakiwa yafike 13.5.

Nimesema turubai. Siyo ardhini, hata kama ua umefagiwa ukang'aa.

Mifuko ya tabaka tatu inaua wadudu kwa kuwanyima hewa, huhitaji kuchanganya unga wa dawa. Ila haikaushi chochote. Ukifungia mahindi mabichi humo utafungua uozo. Niliwahi kumwona baba mmoja amefunga magunia manane siku moja baada ya mvua, kila tabaka fundo lake, kazi safi kabisa. Tulipoyafungua mwezi wa tatu hakuna aliyesema kitu.

"Heleni ni ya kuhesabia kodi"

Wafugaji wana bwana mifugo wao, na wana shaka zao. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilipoanza mwaka 2025, wapo walioswaga ng'ombe porini usiku. Heleni ya utambuzi, ambayo mnyama huvalishwa sikioni, inamwezesha mnunuzi, hata wa nje, kujua mnyama ametoka wapi na amechanjwa nini.

Waulize wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini, ambao heleni ya chanjo wanaijua siku nyingi. Ndigana kali, wao huiita oltikana, huletwa na kupe wa masikio ya kahawia na humaliza ndama. Chanjo yake ni ya ajabu kidogo: ndama anachomwa vimelea hai vyenyewe, na papo hapo anachomwa antibiotiki ya kuvitiisha. Inakaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, na ikishachanganywa haisubiri kesho, kwa hiyo maboma hukusanya ndama sehemu moja. Sindano moja, kinga ya muda mrefu. Mnadani ndama mwenye heleni hiyo hupata bei nzuri kuliko mwenzake asiye nayo, jambo ambalo halikuhitaji mhadhara wa mtu yeyote.

Kuogesha ng'ombe dawa ya kupe kunabaki palepale, kwani ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe, haizuiliwi na chanjo hiyo. Na zile chupa za antibiotiki ya OTC za dukani ambazo kila mchungaji anazo mfukoni hazitibu kila homa. Ukimchoma ng'ombe wa maziwa, soma kwenye chupa ni siku ngapi maziwa yake hayanywewi.

"Ugani ni wa wazee wenye ekari, kijana anahitaji mtaji kwanza"

Vijana wanaponijia huulizia BBT, ule mpango ulioanza kupeleka vijana kwenye mashamba ya pamoja kama Chinangali, Dodoma, mwaka 2023. Au huulizia ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hiyo iko kwa afisa maendeleo ya jamii, kwangu hakuna fomu.

Ninachoweza kumpa kijana ni kazi ya kichupa. Kideri hufagia kuku wa kijiji kizima ndani ya wiki. Chanjo ya I-2 inavumilia joto kuliko zile za zamani, ni tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kijana aliyefundishwa anaamka saa kumi na moja, kabla kuku hawajafunguliwa, anapita nyumba kwa nyumba, mwenye kuku anamlipa kwa kichwa. Asichanje waliokwisha ugua, maana watakufa na lawama itamwangukia yeye.

Yule mama wa maharage alinifungulia mlango siku ya tatu. Misimu miwili baadaye simu yangu iliita alfajiri, chai bado haijachemka. Kuku wake watatu wamepinda shingo, nimlete yule kijana na kichupa. Nikamwambia kwa wagonjwa kichupa hakisaidii, awafungie ndani, asiuze hata mmoja.

"Haya," akasema, "basi mlete achanje wa jirani."