Kadi ya klabu ya likizo: kabla hujalipa, piga simu hotelini

Kwenye fomu yetu ya mkopo kuna mstari unaouliza madhumuni. Kwa miaka mingi umejazwa mambo yaleyale: ada ya shule, bati, salfa ya mikorosho, bodaboda. Siku hizi, mara mojamoja, hujazwa "uanachama wa klabu ya likizo". Mimi ni afisa elimu wa wanachama katika chama cha akiba na mikopo cha watumishi hapa Mtwara. Fomu hizo hupita mezani kwangu, na ninachowaambia waombaji mmoja mmoja sasa nakiweka hadharani: punguzo la kadi hizi linaweza kuwa la kweli kabisa, lakini mara nyingi limekatwa kutoka kwenye bei ambayo wewe usingetozwa hata bila kadi.

Kwanza tuelewane kinachouzwa. Kuna biashara ya zamani ya kuuziana wiki za kukaa kwenye jengo fulani: unalipia, na kila mwaka chumba ni chako kwa wiki yako. Ilianzia Ulaya miaka ya 1960, na mwaka 1974 Marekani ikaanzishwa RCI, kampuni iliyowawezesha wenye wiki hizo kubadilishana, wa ufukweni akaenda mlimani na wa mlimani akaja ufukweni. Biashara hiyo ina malalamiko yake, ila angalau mnunuzi anaweza kukuonyesha chumba alicholipia. Klabu ya likizo ni kitu kingine. Unalipa kiingilio na ada ya mwaka, unapewa namba ya siri ya kuingilia kwenye tovuti, na humo unaonyeshwa bei za hoteli. Chumba bado utakilipia. Ulichonunua ni ruhusa ya kuona bei, basi.

Je, bei hizo ni za chini kweli? Inawezekana, na sababu yake inaeleweka. Chumba kilicholala kitupu usiku wa leo hakiuziki tena kesho, kwa hiyo hoteli hupitisha vyumba vya ziada kwa wauzaji wa jumla kwa bei ya chini. Hoteli nyingi pia zimefungwa na mikataba ya tovuti kubwa za kuwekea nafasi isiyoziruhusu kutangaza hadharani bei iliyo chini ya ile ya kwenye tovuti, wakati bei inayoonekana na wanachama waliojisajili peke yao kwa kawaida huachwa nje ya katazo hilo. Ndiyo maana nyuma ya namba ya siri unaweza kukuta bei nzuri. Lakini kujisajili huko si lazima kugharimu mamilioni. Booking.com ina mpango wake wa Genius: kujiunga ni bure, na ngazi ya kwanza hupata asilimia 10 kwenye hoteli zinazoshiriki. Mlango ni wa aina ileile, na huu hauna kiingilio.

Mwombaji mmoja alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Masasi. Alikuja na mumewe, na kipeperushi kimekunjwa ndani ya bahasha ya mkataba. Kipeperushi kilitaja hoteli moja ya Kilwa Masoko: bei ya kawaida shilingi 120,000 kwa usiku, bei ya mwanachama 90,000. Asilimia 25 nzima. Nikamwomba apige simu hotelini palepale, aweke spika.

"Habari za kazi, dada. Naulizia chumba cha watu wawili mwezi wa sita, tutalala siku tatu."

"Salama. Nyie ni wageni au Watanzania?"

"Watanzania. Tunatoka Masasi."

"Basi kwenu ni laki moja, na chai ya asubuhi imo. Mkiwa mnakaa siku tatu ongeeni na meneja, atawaangalia."

Mumewe akacheka. Mwalimu hakucheka, alikuwa ameshachukua kalamu.

Swali lile la mapokezi, wageni au Watanzania, ndilo wauzaji wa kadi hawalitaji. Hoteli nyingi za kitalii nchini, kuanzia Zanzibar hadi mbugani, zina bei ya wageni kutoka nje na bei ya raia au mkazi. Ya pili huwa chini, wakati mwingine kwa mbali, na haihitaji uanachama. Inataka kitambulisho chako cha NIDA. Klabu iliyosukwa kwa ajili ya soko la nje huhesabu punguzo lake kutoka bei ya mgeni. Matokeo yake Mtanzania anauziwa kwa fedha nyingi kitu ambacho sehemu yake kubwa alikuwa nacho tayari mfukoni.

Turudi kwa mwalimu na kalamu yake. Tofauti halisi kati ya kadi na simu ilikuwa shilingi 10,000 kwa usiku, na hapo meneja bado hajawaangalia. Kiingilio alichotakiwa kulipa ni milioni tatu, na ada ya kila mwaka 150,000. Familia yake husafiri mara moja kwa mwaka na kulala siku tatu, kwa hiyo angeokoa 30,000. Ada ya mwaka peke yake ni mara tano ya hapo. Ili ada hiyo irudi inabidi alale hotelini usiku 15 kila mwaka. Kiingilio nacho kinadai usiku mwingine 300 juu yake. Riba ya mkopo wetu hatujaigusa. Kwa mwendo wa siku tatu kwa mwaka fedha hiyo hairudi kamwe, kwa sababu kila mwaka anaongeza hasara mpya ya 120,000.

Mkulima wa Tandahimba au Newala hahitaji kufundishwa hesabu hii. Bei ya korosho ikitangazwa mnadani, haizidishi kwa kilo zake akaenda kukopa pikipiki. Anauliza mjengeko: ushuru, makato ya chama cha msingi na chama kikuu, ghala, usafirishaji, mkononi inabaki shilingi ngapi. Ile "asilimia 60" inayotangazwa kwenye vipeperushi vingine nayo isomwe kwa jicho hilohilo, tukianza na lile neno dogo linalokaa mbele yake: hadi. Hadi asilimia 60 maana yake mahali fulani, tarehe fulani, chumba kimoja kimeshuka kiasi hicho. Vingine vyote vinaweza kuwa na asilimia tano na tangazo likabaki sahihi.

Na tarehe ndizo zinazomwumiza mtumishi. Punguzo kubwa hupatikana pale hoteli zinapokuwa tupu, na ukanda wetu wa pwani hilo ni wakati wa masika, Aprili na Mei. Mwalimu hupata nafasi Juni na Desemba. Desemba hiyo Nungwi na Paje zimejaa watalii, na mkataba una maneno "kulingana na upatikanaji". Hakuna aliyekudanganya kisheria, ila hakuna chumba. Isitoshe, chumba ni sehemu tu ya gharama za safari. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550 za barabara, halafu boti, halafu chakula cha watoto visiwani. Kadi haigusi nauli ya basi.

Jinsi zinavyouzwa ni somo la peke yake. Hupigiwi simu uuziwe kadi. Unapigiwa uambiwe umeshinda. Zawadi huwa usiku mbili bure mahali pazuri, na masharti yake ni kuhudhuria mkutano wa saa moja na nusu, wewe pamoja na mwenzi wako. Mwenzi haalikwi kwa heshima. Anatakiwa awepo ili usipate pa kusema "ngoja nikashauriane nyumbani". Saa moja na nusu inakuwa tatu, soda zinaletwa, anaingia bosi na bei "ya leo tu", ikikataliwa anaingia bosi mkubwa na bei ndogo zaidi. Ukweli ni kwamba bei iliyoshuka kwa nusu ndani ya ukumbi mmoja haikuwa bei. Zile usiku mbili za bure nazo, ukizifuatilia, mara nyingi zina kodi na "gharama za uendeshaji" za kulipia na tarehe zisizotumika wakati wa sikukuu.

Ukisikia sentensi "ukileta watu wanne, ada yako inasamehewa", funga bahasha uondoke. Hapo faida imeanza kutegemea vichwa vipya, likizo imebaki jina tu. Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaikumbuka DECI na namna upatu ule ulivyoishia mahakamani. Upande wa safari mfano mkubwa ni WorldVentures ya Marekani, iliyouza uanachama wa likizo kwa mtindo wa kuajiri wanachama wengine na ikafika hadi Afrika Mashariki. Mwaka 2014 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Norway iliamua kwamba mfumo wake ni piramidi haramu, na Desemba 2020 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake huko Texas. Picha za wanachama ufukweni wakiwa wameshika bango la bluu zilikuwa za kweli. Safari zilikuwepo. Kilichokosekana ni hesabu ya wale waliolipa kila mwezi bila kusafiri.

Umoja wa Ulaya uliona tatizo hili mapema ukalitungia maagizo, namba 122 ya mwaka 2008. Mnunuzi ana siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, na katika siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti. Ada ya uanachama wa punguzo la muda mrefu lazima igawanywe kwa awamu sawa za kila mwaka, na kuanzia awamu ya pili mwanachama anaweza kujitoa bila faini. Natamani tungekuwa na sheria kama hiyo, kwa sababu inaua biashara ya kiingilio kikubwa papo hapo. Kwa hapa, usidhani siku za kughairi zipo mpaka uzione zimeandikwa kwenye mkataba wako. Tazama pia mkataba unatawaliwa na sheria ya nchi gani. Ukikuta kisiwa usichokijua, ujue kesi yako huenda ikaamuliwa kwa sheria za huko. Na ukidaiwa dola kwa huduma inayotolewa hapa nchini, kumbuka kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni.

Wapo wanaofaidika, sitaficha. Mtu anayelala hotelini usiku 40 au 50 kwa mwaka, mwenye uhuru wa kuchagua tarehe, anayesafiri nje ya nchi ambako bei ya raia wa Tanzania haipo, na aliyepata klabu yenye ada ndogo isiyo na kiingilio, huyo kadi inaweza kumlipa. Kwenye vitabu vyetu sijamwona.

Kwa aliyekwisha kulipa: andika barua ya kusitisha uanachama leo, baki na nakala, na uiagize benki yako izuie makato ya kadi. Kusanya kipeperushi, risiti na ujumbe wa WhatsApp, hasa ule ulioahidi kiwango cha punguzo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyeingizwa kwenye mkataba kwa maelezo ya uongo haki ya kuubatilisha, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei na manufaa ya huduma. Malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani, FCC, kwa maandishi na vielelezo.

Baada ya hapo kuna simu nyingine itakayokuja. Mtu mpole atasema amepata mnunuzi wa uanachama wako, au ni wakili wa kurejesha fedha, na anahitaji ada ndogo ya kuanzia. Majina ya waliowahi kulipa huuzwa. Mwaka 2024 Wizara ya Fedha ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu genge la Mexico, CJNG, lililokuwa likiwapigia simu za namna hii wazee wa Kimarekani wenye wiki zao za mapumziko. Usitume hiyo ada, na namba iliyokupigia iongeze kwenye vielelezo vya FCC.